Ukakasi wa Barolo: Siku Nane Kutoka Dodoma hadi Vilima vya Langhe

Miaka miwili iliyopita nilimpelekea baba yangu chupa ya Barolo niliyoinunua Dar es Salaam kwa bei ambayo sikuthubutu kumtajia. Baba amelima zabibu nje kidogo ya Dodoma kwa zaidi ya miaka thelathini, anavuna mara mbili kwa mwaka na kuwauzia wenye viwanda, na niliona hakuna mtu katika ukoo wetu anayestahili kuonja mvinyo mwekundu unaosifiwa kuliko yote ya Italia kumzidi yeye. Siku hiyo tulikula samaki wa kukaanga na kachumbari yenye pilipili nyingi. Nilimmiminia, akapiga funda moja, akakunja uso kama mtu aliyeuma bibo bichi, akasema, "Mwanangu, hiki kinatia ukakasi. Zabibu zao walizichuma kabla hazijaiva."

Kilichobaki nilikimimina siku ya pili katika sufuria ya nyama ya ng'ombe, na mchuzi ule ulikuwa mtamu kiasi kwamba mimi mwenye mgahawa, ninayepika kila siku, sikuweza kueleza utamu wake ulitoka wapi. Tangu hapo nikaanza kushuku kwamba mvinyo haukuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeandaa meza isiyoufaa. Oktoba 2024 nikafunga mgahawa kwa wiki moja na nusu, nikaenda kuuona kwao, katika vilima vya Langhe, kaskazini-magharibi mwa Italia. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kutoka katika daftari langu na picha za simu.

Jumanne, 22 Oktoba: Dodoma hadi Addis Ababa

Nilipanda treni ya SGR alfajiri, na baada ya saa zisizofika nne nikawa Dar es Salaam, jambo ambalo bado linanishangaza mimi niliyekulia kwenye mabasi ya usiku kucha. Alasiri nikaruka kwenda Addis Ababa na usiku huohuo nikaunganisha ndege ya Milano. Safari yenyewe haikuwa na la kusimulia.

Kwa atakayenifuata: viza ya Schengen ilikuwa yuro 90, na siku zile yuro moja ilinigharimu karibu shilingi 3,000. Bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Anza kufuatilia miezi miwili kabla, na uwe na uthibitisho wa mahali pa kulala kwa kila usiku.

Jumatano, 23 Oktoba: Milano, Torino, Alba

Ndege ilitua Malpensa asubuhi, kukiwa na baridi iliyonipenya hadi kwenye mifupa. Nilichukua treni hadi Milano, nyingine hadi Torino, na ya tatu, treni ya mkoa inayopita Bra, hadi Alba. Tiketi za karatasi za treni za mkoa hugongwa muhuri katika kimashine kilichopo stesheni kabla ya kupanda. Anayesahau hutozwa faini hata kama amelipa nauli yake yote. Mimi nilikuwa nimesahau. Mzee mmoja aliyevaa koti la kijivu aliona tiketi yangu mkononi, akanionyesha kimashine, kisha akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Unatoka wapi, mwanangu?"

Alikuwa padre wa shirika la Consolata, ambalo Giuseppe Allamano alilianzisha Torino mwaka 1901, na ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka Roma, ambako Allamano alitangazwa mtakatifu Jumapili ya tarehe 20. Padre alikuwa ameishi mkoani Iringa karibu maisha yake yote ya utu uzima. Nilimwambia, "Tumsifu Yesu Kristo," akajibu, "Milele, amina," kisha akaongeza "Kamwene," nami nikamwambia kwetu Ugogoni tunasema "Mbukwenyi." Akacheka hadi machozi yakamlenga.

Nilipomweleza kilichonileta, aliacha kucheka, akakaa vizuri. Alizaliwa katika vilima hivyohivyo tulivyokuwa tukivielekea. Aliniambia kwamba nyumbani kwao, alipokuwa mtoto, siku za kazi walikunywa Dolcetto, mvinyo mwepesi wa zabibu zinazowahi kuiva, na Barolo ilipanda mezani siku ile tu sufuria ya nyama iliposhinda jikoni. "Mama yangu hakuwahi kutufungulia Barolo bila nyama motoni," alisema. "Kwetu ingekuwa kama kuweka mboga mezani ukasahau ugali." Tulipofika Alba alinibebea mfuko hadi nje ya stesheni ingawa miaka yake ni karibu mara mbili ya yangu, na sikuweza kumzuia.

Mahali nilipokuwa nimelipia chumba walinipokea kwa habari kwamba chumba kimeshachukuliwa na wageni wengine, na kwamba fedha zangu zitarudishwa baada ya siku kumi. Nilisimama barabarani na sanduku langu hadi mwenye duka la mikate lililokuwa mkabala alipotoka, akapiga simu mbili, na baada ya nusu saa nikawa nyumbani kwa mjane mmoja aliyenitoza yuro 55 kwa usiku, pamoja na supu ya maharage ambayo sikuiomba. Oktoba na Novemba ni msimu wa tartufo, ule uyoga wa chini ya ardhi, na vyumba vya Alba hujaa. Piga simu siku moja kabla ya kufika, hata kama umeshalipia.

Alhamisi, 24 Oktoba: Alba

Alba ni mji mdogo wenye minara ya matofali mekundu, na upepo ukivuma kutoka upande wa kiwanda cha Ferrero mji mzima hunukia nocciola, zile njugu zinazoota juu ya mti na kutiwa katika Nutella, ambayo ilianza kutengenezwa hapa mwaka 1964. Nilitembea asubuhi nzima katika barabara ambayo wenyeji huiita Via Maestra, nikajifunza kusoma bei zilizobandikwa milangoni. Karibu kila mahali utatozwa yuro 2 au 3 za kukaa mezani, ziitwazo coperto. Hazimaanishi kwamba umeibiwa.

Mchana niliingia katika mgahawa wenye meza nane. Niliagiza bagna cauda, yaani mboga zinazochovywa katika mchuzi wa moto wa vitunguu saumu, mafuta ya zeituni na dagaa wa chumvi, na nikaomba glasi ya Barolo. Kijana aliyenihudumia alisita. Alisema kwa upole kwamba chumvi ile na samaki wale vitaufanya mvinyo uwe na ladha ya chuma mdomoni, akanishauri Barbera, mvinyo wenye uchachu mwingi na tanini kidogo, ile dutu inayotia ukakasi. Nikamwomba aniletee zote mbili, nijionee. Alisema kweli. Barbera ilisafisha kinywa na kuniita nirudi kwenye bakuli. Barolo iligombana na dagaa, na mwisho wa funda ukabaki ukali uleule uliomkunja baba uso. Nilikumbuka samaki wetu na ile kachumbari, nikaona aibu. Pilipili nayo huzidisha moto wa kileo, na kileo cha Barolo hakipungui asilimia 13, mara nyingi hufika 14 na zaidi.

Kisha yule kijana alileta kipande cha jibini ya Castelmagno ambacho sikuwa nimeagiza, kutoka milima ya mkoa huuhuu wa Cuneo, kikavu, kinachovunjikavunjika kama udongo wa kichuguu. "Tafuna kwanza, usimeze yote, halafu unywe," alisema. Nilitafuna. Mafuta ya jibini yalitandaa ulimini. Nikapiga funda la Barolo ileile iliyokuwa imenikausha kinywa dakika tano zilizopita, na ukakasi haukuonekana tena. Badala yake kukaja harufu ya waridi lililoanza kunyauka, cheri, na nyuma yake kitu kama lami ya barabara mpya inapopigwa jua. Nilirudia mara tatu ili niwe na hakika.

Baadaye nilielezwa sababu yake, nayo ni rahisi. Tanini, ambayo hutoka katika maganda na kokwa za zabibu, hushikana na protini. Ukinywa mvinyo peke yake, hushikana na protini iliyo ndani ya mate, mate yakapoteza utelezi wake, na hapo ndipo ulimi na fizi huhisi kukwaruzwa. Ukiwa na nyama au jibini mdomoni, tanini hupata kitu kingine cha kushika, na mafuta nayo huulainisha ulimi. Zabibu ya Nebbiolo, ambayo peke yake ndiyo hutengeneza Barolo, ina tanini nyingi mno ingawa rangi yake ni hafifu: niliweka vidole vyangu nyuma ya glasi nikaviona. Anayepima uzito wa mvinyo kwa rangi atadanganyika hapa.

Mlo wote, pamoja na sahani ya tajarin, ulinigharimu yuro 41. Tajarin ni tambi nyembamba zinazokandwa kwa viini vya mayai tu, na wapishi wengine hutia viini thelathini au zaidi katika kilo moja ya unga, ndiyo maana ni za njano iliyokolea kama manjano yetu.

Ijumaa, 25 Oktoba: La Morra hadi Barolo kwa miguu

Basi la kwenda La Morra lilichelewa dakika arobaini na hakuna aliyeonekana kushangaa. Tiketi hununuliwa mapema katika maduka ya sigara. Ratiba ni ya mabasi machache kwa siku, na Jumapili karibu hakuna kitu. La Morra iko juu ya kilima, zaidi ya mita 500, na siku njema, wanasema, utaviona vijiji vyote vya Barolo pamoja na milima ya Alpi. Mimi niliona ukungu. Ulikuwa umejaa mabondeni kama maziwa katika bakuli, na ncha za minara zikichomoza. Wengi husema jina Nebbiolo limetokana na nebbia, yaani ukungu, kwa kuwa zabibu hii hukawia kuiva na mara nyingi huvunwa vuli, ukungu unapoanza kutanda.

Niliteremka kwa njia ya mashambani kuelekea kijiji cha Barolo, kilichoupa mvinyo jina lake. Mvua ilikuwa imenyesha sana msimu huo na udongo, mchanganyiko wa mfinyanzi na chokaa wenye rangi ya kijivu inayoelekea buluu, uliganda kwenye viatu hadi nikawa nabeba kilo nzima kila mguu. Hakuna zabibu zilizobaki mitini isipokuwa vichala vidogo vilivyosahauliwa. Nilichuma punje mbili nikatafuna ganda lake taratibu kama baba anavyofanya shambani kwetu anapotaka kujua siku ya kuvuna. Zilikuwa tamu kweli, zimeiva kabisa, na bado ganda lilikwaruza ulimi. Nilisimama pale na tope langu nikamjibu baba moyoni: zimeiva, baba, ndivyo zilivyo.

Njiani nilipita kikanisa cha Brunate, ambacho wasanii Sol LeWitt na David Tremlett walikipaka rangi mwaka 1999, nje mistari ya rangi kali, ndani rangi tulivu. Hakijawahi kuwekwa wakfu. Kilijengwa ili wakulima wajifiche mvua, nami nilikitumia kwa kazi hiyohiyo. Nilipotoka giza lilikuwa linaingia na njia imegawanyika mara tatu. Mkulima mmoja aliyekuwa akiendesha trekta dogo alisimama, akapangusa kiti kwa kofia yake, akanipeleka hadi katika ua wa nyumba ya shamba nilikokuwa nimepanga kulala siku nne zilizobaki. Nilimpa yuro 10. Akakataa, akakubali kupeana mkono tu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nilirudi Alba kuona soko la tartufo nyeupe. Harufu yake hukutana nawe kabla ya mlango: saumu, asali, na udongo baada ya mvua ya kwanza. Huuzwa kwa gramu, na vipande vichache vilivyoparwa juu ya yai la kukaanga vilinigharimu yuro 30. Nakiri nilipenda. Lakini wenyeji wengi niliozungumza nao walisema tartufo haitaki Barolo changa, kwa sababu tanini huifunika harufu yake. Wao huitafutia chupa iliyokaa miaka kumi na tano au zaidi, ambayo ukali wake umeshatua. Kwa mwenye mfuko kama wangu, tambi zenye siagi na jibini zinatosha.

Jioni mama mwenye nyumba, mwanamke wa miaka sabini hivi, aliniita jikoni nione jinsi anavyoloweka nyama ya kesho.

Jumapili, 27 Oktoba: Jikoni

Usiku huo saa za Ulaya zilirudishwa nyuma saa moja, nami sikujua, kwa kuwa saa yangu ya mkononi haijirekebishi yenyewe. Nikaamka saa moja kabla ya watu wote na kukuta jiko limezimwa. Ilikuwa heri, kwa maana mama alipoamka alinikuta nimekaa pale nikisubiri, akanifunga aproni. Nilikuwa na siku ya tatu katika nyumba ile, na wahenga walishasema ya tatu mpe jembe.

Brasato al Barolo ni nyama ya ng'ombe ya bega, kipande kizima cha kilo moja na nusu, chenye mishipa na utando ambao mpishi mwenye haraka angeutupa. Ilikuwa imelala usiku kucha ndani ya chupa moja na nusu ya mvinyo pamoja na karoti, kitunguu, seleri, majani ya bay, mdalasini na karafuu sita. Alipofungua kifuniko, harufu ya karafuu ilinipiga kwanza, na nilimweleza kwamba Zanzibar, katika nchi yangu, inajulikana duniani kwa karafuu. Alichukua karafuu moja kutoka kwenye kopo, akaitazama dirishani kama anayeiona kwa mara ya kwanza, akairudisha.

Nyama ilitolewa, ikakaushwa kwa kitambaa, kwa kuwa nyama mbichi yenye maji haibadiliki rangi vizuri, ikakaangwa kwa siagi pande zote hadi ikawa kahawia. Mboga zikafuata, kisha mvinyo wote, na moto ukapunguzwa hadi uso wa mchuzi ukawa unatoa povu moja hapa, moja pale. Hapo mama alitundika aproni na kwenda kanisani. Kwa muda wa saa tatu na nusu sufuria ile haikufunguliwa isipokuwa kugeuza nyama mara mbili. Utando wote uliyeyuka ukawa ulaini wenye kunata, kama ule unaobaki midomoni ukinywa supu ya kongoro, na mboga zilizosagwa zikarudi kuwa rojo zito la rangi ya matofali.

Nilimuuliza kama kweli hutumia Barolo kupikia. Alijibu kwamba jina la chakula linataka hivyo, lakini nyumbani hutumia Nebbiolo ya bei ndogo au chupa iliyobaki, na Barolo nzuri huwekwa mezani. Kwa kupikia, alisema, kosa baya ni mvinyo ulioharibika, kwa kuwa moto hauponyi mvinyo uliochacha.

Wakati nyama ikiendelea tulifinya agnolotti del plin, vibahasha vya unga vyenye nyama ya kuoka iliyosagwa ndani. Plin ni mfinyo. Alivifinya kwa kidole gumba na cha shahada kwa kasi ambayo jicho langu halikuifuata, na kwa kila vitano vyake mimi nilikuwa na kimoja kilichopinda. Kazi niliyoiweza bila kufundishwa ilikuwa ya polenta. Ni ugali wa unga wa mahindi ya njano, laini kuliko wetu, unaosongwa karibu dakika arobaini na tano. Mama alinipa mwiko akaniambia nianze taratibu. Baada ya dakika mbili alinyamaza, akavuta kiti, akakaa. Mikono yangu ilikuwa nyumbani.

Mezani tulikuwa saba, pamoja na yule mkulima wa trekta, ambaye kumbe ni shemeji wa mama. Barolo ya mwaka 2016 ilikuwa imefunguliwa tangu asubuhi na kumiminwa katika jagi pana ili ipumue. Nyama haikuhitaji kisu. Rojo, mafuta, ule ulaini wa kunata, na mvinyo juu yake: sikuwahi kunywa kitu kilichonyooka kiasi kile. Ukakasi ulikuwapo, lakini kazi yake sasa ilikuwa kuusafisha ulimi baada ya kila tonge ili tonge linalofuata liwe kama la kwanza. Nilikula sahani mbili. Mwisho walileta bonet, pudini ya kakao na biskuti za lozi, na hapo chupa ya Barolo iliondolewa mezani kabisa, kwa sababu sukari huufanya mvinyo mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, uwe mchungu.

Jumatatu, 28 Oktoba: Serralunga d'Alba

Shemeji alinipeleka kwa gari hadi Serralunga, kijiji kilichoizunguka ngome nyembamba ya karne ya 14. Hapa udongo ni wa kale zaidi na mgumu kuliko ule wa La Morra, na mvinyo wake hutoka mkali na wa kukaa miaka mingi. Katika ghala la familia moja, chini ya nyumba yao, nilionja glasi nne kwa yuro 25, nikitafuna grissini, vijiti vya mkate vya Torino, kati ya glasi na glasi. Mapipa yao ni makubwa kuliko chumba changu cha kulala, ya mbao za mwaloni kutoka Slavonia, nchini Kroatia. Sheria inaitaka Barolo ikae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya mbao. Iitwayo Riserva hukaa miezi 62. Mwenyeji wangu aligusia miaka ya 1980, wakati vijana wa hapa walipogombana na baba zao kuhusu mapipa madogo mapya yanayolainisha mvinyo mapema. Elio Altare wa La Morra aliyakata mapipa ya baba yake kwa msumeno wa mashine, na baba yake akamnyima urithi. Siku hizi, alisema, wengi wamepatana katikati.

Mwisho alinipa kidole kimoja cha Barolo Chinato. Ni Barolo iliyotiwa viungo na gome la mti wa kwinini, na inahusishwa na Giuseppe Cappellano, mfamasia wa kijiji hikihiki mwishoni mwa karne ya 19. Sisi tuliomezeshwa kwinini utotoni kwa malaria tunaujua uchungu huo, nami niliutambua mara moja, ila hapa ulikuja na sukari, iliki na kipande cha chokoleti nyeusi, na vikaelewana.

Nilinunua chupa mbili za mwaka 2020 kwa yuro 42 kila moja. Utaratibu wa Afrika Mashariki unaruhusu msafiri kuingia na lita mbili za mvinyo bila ushuru, kwa hiyo chupa mbili za mililita 750 hazina tatizo. Weka risiti karibu. Zifunge kwa nguo katikati ya sanduku linalokwenda chini ya ndege.

Jumanne, 29 Oktoba, na kurudi

Mama aliniamkia saa kumi na moja alfajiri kunipa mkate wenye nyama ya jana, uliofungwa kwa kitambaa ambacho alikataa nikirudishe. Treni, ndege, Addis, Dar. Alhamisi nikawa Dodoma na chupa zote mbili zima.

Jumapili, 3 Novemba: Dodoma

Nilinunua bega la ng'ombe pamoja na kipande cha nundu, kwa kuwa nyama yetu imekonda, nikaongeza kongoro moja kwa ajili ya ule ulaini wa kunata. Kwa kulowekea na kupikia nilitumia mvinyo mwekundu mkavu wa hapahapa Dodoma, na ulifanya kazi vizuri sana. Karafuu, mdalasini, vitunguu, karoti, pilipili niliificha. Kwa joto letu Barolo haiwezi kunywewa kama ilivyo kabatini: niliiweka kwenye friji nusu saa, nikaimimina katika jagi saa mbili kabla ya chakula, ikafika mezani na ubaridi kidogo, karibu na zile nyuzi 16 hadi 18 walizoniambia.

"Shikamoo baba. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Ni kile kile chako cha ukakasi?"

Nilimwomba ale kwanza. Alimega ugali, akachovya katika rojo, akachukua nyama, akatafuna bila haraka, kisha akanyanyua glasi. Nilikuwa nikitazama uso wake kama ninavyotazama maziwa jikoni. Haukukunjamana. Akamega tonge la pili, akanywa tena, akaigeuza glasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Ukakasi upo," alisema, "ila sasa umepata kazi." Kisha akauliza unakaa muda gani kabla ya kuuzwa. Nilimwambia miezi 38. Aliweka glasi chini akahesabu kwa vidole, kwa kipimo chake cha mavuno mawili kila mwaka, akasema, "Sita, na la saba bado liko mtini," akasogeza sahani niongeze rojo.